Bei ya Mafuta Ikishuka, Nani Hukosa Kazi Kwanza?

Leo naomba tuweke kando habari za simu mpya na programu za bure, tuzungumzie jambo ambalo pengine hukutarajia kulisoma kwa mtu wa kompyuta: bei ya mafuta ghafi, na miji inayoishi kwa bei ya kitu kimoja. Usikimbie, ndugu msomaji. Nitaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Migori na Homa Bay, ambako hatuuzi hata debe moja la mafuta ghafi, na kwa nini naamini kuna sehemu yake ambayo ni kazi yetu sisi waandishi wa programu.

Hoja yangu naiweka hapa mwanzoni ili usihangaike kuitafuta. Bei ya bidhaa inayolisha mji ikianguka, tunasikia habari za kampuni kubwa na wafanyakazi wake. Hao wana mikataba, wana orodha ya mishahara, na wakiachishwa kazi idadi yao inatangazwa. Lakini nyuma yao kuna umati wa watu ambao hawajawahi kukanyaga kisimani wala mgodini, na bado walikula kutokana na kisima au mgodi huo. Hawa hawamo kwenye orodha yoyote, kwa hiyo wakipoteza riziki hakuna anayejua, na asiyejulikana hasaidiwi. Orodha yao ingefaa kuandikwa wakati bei iko juu. Kwetu Migori, wakati huo ni sasa.

Tuanze na mafuta yenyewe. Juni 2014 pipa moja la mafuta ghafi ya aina ya Brent liliuzwa kwa takriban dola 115. Januari 2016 pipa lilelile lilikuwa chini ya dola 30. Marekani ilikuwa imeongeza sana uzalishaji kwa kupasua miamba migumu kwa maji yenye msukumo mkubwa, mahitaji ya Uchina yalikuwa yamepungua kasi, na Novemba 2014 nchi za OPEC zikakataa kupunguza mafuta zinayotoa. Soko likafurika na bei ikaporomoka.

Angalia kilichotokea Williston, mji mdogo katika jimbo la North Dakota huko Marekani. Wakati wa neema watu walimiminika kutoka kila pembe, kodi ya nyumba ikapaa, na kambi za vyumba vya kuhamishika zikajengwa kwa sababu nyumba hazikutosha. Mwaka 2014 jimbo hilo lilikuwa na mitambo ya kuchoronga visima zaidi ya 180 ikifanya kazi. Kufikia Mei 2016 ilibaki chini ya 30. Lakini, na hapa ndipo ninapotaka uangalie vizuri, mafuta yanayotoka ardhini hayakupungua kwa kiasi hicho. Yalitoka kwenye mapipa kama milioni 1.2 kwa siku hadi kama milioni moja.

Inawezekanaje mitambo ipungue hivyo na mafuta yaendelee kutoka? Jibu ni kwamba kazi nyingi katika mji wa mafuta ziko kwenye kutafuta na kuchimba. Kisima kikishachimbwa, kinahitaji watu wachache tu wa kukiangalia. Wakati wa kuchoronga kuna wahandisi, mafundi wa kuchomelea, madereva wa malori ya maji na mchanga, wapishi na walinzi. Bei ikianguka, kampuni haifungi kisima kinachotoa mafuta, kwa sababu kisima hicho tayari kimegharimiwa. Inachoacha ni kuchimba kipya. Kwa hiyo ukitazama takwimu za mapipa utadhani mambo si mabaya sana, ilhali muuza chakula kwenye njia ya malori anashangaa malori yamekwenda wapi.

Sasa turudi nyumbani Kenya. Machi 26, 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima cha Ngamia-1, kilichochimbwa na kampuni ya Tullow. Lokichar, kituo kidogo kwenye barabara ya kwenda Lodwar, kikawa jina la kutajwa kwenye habari za dunia. Watu wakajenga vyumba vya kukodisha, wakanunua magari ya kukodishia kampuni, wakafungua hoteli na maduka. Mvutano juu ya nani apate kazi na nani apate zabuni ulifika mahali ambapo Oktoba 2013 wenyeji waliandamana na kampuni ikasimamisha shughuli zake kwa muda.

Halafu bei ikaanguka. Tullow ilipunguza sana fedha za utafutaji, na mitambo ikapungua. Juni 2018 malori yalianza kusafirisha mafuta kwenda Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa takriban 200,000. Watu wakasema sasa mambo yamerudi. Lakini mwaka 2020 korona ikafunga dunia, na Aprili 20 mafuta ya Marekani yakauzwa kwa bei iliyo chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta alimlipa mtu ayachukue. Mwezi uliofuata Tullow ilitangaza kwamba mambo yaliyo nje ya uwezo wake yamemzuia kuendelea na masharti ya mkataba. Mei 2023 washirika wake wawili, Africa Oil na TotalEnergies, walijitoa. Mwaka 2025 Tullow yenyewe iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy.

Hesabu miaka: kuanzia 2012 hadi 2025 ni miaka 13. Mtoto aliyezaliwa Lokichar siku ile ya tangazo alikuwa amemaliza shule ya msingi. Aliyekopa ajenge vyumba vya wapangaji mwaka 2013 hakuambiwa kwamba wapangaji wake wanategemea bei inayopangwa London na New York, wala hakuna aliyemhesabu walipoondoka.

Kwa nini mwandishi wa programu ajali haya? Kwa sababu sisi tumelipitia jambo linalofanana sana, tena mwaka uleule wa 2016. Mwezi Machi msanidi mmoja aligombana na wenye hifadhi ya npm, ambako waandishi wa JavaScript huweka na kuchukua vipande vya programu. Kwa hasira akaondoa vipande vyake vyote. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Baada ya muda mfupi maelfu ya miradi duniani ikagoma kujengeka. Wengi wa wenye miradi hiyo hawakuwahi kusikia jina left-pad. Wao walitumia kipande fulani, ambacho kilitumia kingine, ambacho kilitumia kingine, na huko chini kabisa ndiko kilikokuwa left-pad. Utegemezi wao haukuwa wa moja kwa moja, ndiyo maana hawakuujua hadi siku ulipokatika.

Nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na kati ya mambo niliyotoka nayo kule ni tabia ya kuuliza: hiki kinategemea nini, na hicho nacho kinategemea nini? Kwenye mradi wa programu unaandika amri fupi tu na kompyuta inakuchorea mti mzima wa utegemezi, matawi na mizizi. Mji hauna amri hiyo. Hakuna mahali Migori unapoweza kubofya ukaona kwamba kinyozi wa karibu na stendi anategemea dereva wa boda boda, anayetegemea mama anayeuza chakula, anayetegemea wachimbaji, wanaotegemea bei ya dhahabu.

Nikisema hivi watu hudhani nasema mambo ya Turkana tu. Basi tuangalie ziwa letu. Homa Bay, Mbita, Sindo na fuo nyingine za Ziwa Victoria zilipata neema yake katika miaka ya 1980, mbuta walipojaa ziwani baada ya kuingizwa katika miaka ya 1950. Viwanda vya kuchuna minofu vikaja na samaki wakapelekwa Ulaya. Wavuvi walipata fedha, na nyuma yao wakafuata waliouza barafu, waliotengeneza nyavu, waliosukuma mikokoteni, na kina mama waliokaanga mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa.

Kisha kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwanza kwa sababu ya vijidudu, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Kila mara mlango wa Ulaya ulipofungwa, bei ufukweni ilianguka. Kiwanda kilijua wafanyakazi wake ni wangapi. Lakini mama wa mgongo wazi alikosa mifupa ya kukaanga siku ileile kiwanda kilipoacha kuchuna, na yeye hakuwa mfanyakazi wa mtu.

Tangu mwaka 2007 tuna vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, vyenye madaftari ya mashua, wavuvi na kilo zinazoshushwa. Hili ni jambo jema na nalisifu. Lakini hata daftari la BMU huwa linaishia ufukweni. Kijana anayepeleka barafu kwa pikipiki na mama mwenye kibanda cha chai wanakaa hatua chache nje ya ukurasa.

Sasa dhahabu. Kama hujui, kaunti ya Migori si mgeni wa neema na ukame wa madini. Mgodi wa Macalder, kule Nyatike, ulitoa shaba na dhahabu enzi za ukoloni na ukafungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, jina likabaki, na mchanga wa mabaki yake bado unaoshwa na wachimbaji wadogo wanaotafuta punje zilizoachwa. Leo wachimbaji hao wapo Macalder, Osiri, Masara na hadi upande wa Kuria, na kazi zao zimechangamka kwa sababu inayojulikana: Machi 2025 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 3,000, na Oktoba mwaka huohuo ikapita dola 4,000.

Najua kuna atakayeniambia, "Wewe acha uoga. Dhahabu si mafuta. Dhahabu haishuki." Kwa heshima zote, imeshuka, na si zamani. Septemba 2011 wakia ilipita dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa kama dola 1,050. Hiyo ni karibu nusu ya bei kupotea katika miaka minne, na mwishoni mwa kipindi hicho mafuta nayo yalikuwa yakiporomoka.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haibembelezi mtu. Wakia moja ni gramu 31.1. Kwa dola 4,000 gramu moja ya dhahabu safi ni kama dola 129. Mchimbaji hapati zote, kwa kuwa mnunuzi wa kijijini hukata chake, lakini tutumie namba hiyo ili hesabu iwe rahisi. Tuseme, kwa mfano tu, gharama ya kuipata gramu hiyo ni dola 60: dizeli ya kuvuta maji shimoni, chakula, kamba, magogo ya kushikilia kuta, na kusagisha mawe. Kinachobaki kugawana ni dola 69. Sasa bei ishuke kwa theluthi moja, hadi dola 86. Gharama hazijabadilika. Kinachobaki ni dola 26. Bei imeshuka kwa asilimia 33, lakini kile cha kugawana kimeshuka kwa asilimia 62.

Hapo ndipo siri ilipo. Wachimbaji wengi hawalipwi mshahara, hugawana kinachopatikana. Kwa hiyo hutasikia kwamba mtu fulani amefutwa kazi. Utasikia tu kwamba siku hizi hakuna pesa. Mchimbaji ataendelea kushuka shimoni, lakini Jumamosi hatakula nyama, hatanunua viatu vya mtoto, hatapanda boda boda kwa umbali anaoweza kutembea. Wa kwanza kukosa kazi ni mwenye butchari, muuza viatu na mwenye pikipiki.

Na pikipiki hiyo mara nyingi ni ya mkopo. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kijana amechukua pikipiki wakati dhahabu iko juu, akapangiwa kiasi cha kulipa kila siku kwa M-Pesa. Mashine inayomkata haijui bei ya dhahabu. Siku abiria wakipungua nusu, deni halipungui hata shilingi. Hivyohivyo kwa aliyekopa kuongeza vyumba vya kupanga, au aliyejaza duka kwa mkopo wa simu. Mikopo hii yote imepimwa kwa mapato ya siku za neema.

Mimi riziki yangu ni kutengeneza programu za kuweka hesabu za mauzo na bidhaa kwa maduka ya Migori na Homa Bay. Kwa hiyo huona grafu ambazo mwenye duka hana muda wa kuziangalia. Duka la vifaa linalouza sururu, kamba, magunia na betri za tochi, unategemea mauzo yake yafuate mgodi. Hilo halinishangazi. Linalonifanya niandike leo ni kwamba mistari inayopanda na kushuka kwa mwendo uleule hutokea pia kwenye maduka ambayo hayauzi hata msumari kwa mchimbaji: duka la vitabu vya shule, saluni, duka la dawa. Ukiwauliza wenyewe watakuambia, "Mimi mambo ya dhahabu siyajui." Wako kama yule aliyetumia left-pad bila kujua jina lake.

Na nisijitoe kwenye hesabu hii. Wateja wangu wakikaukiwa, ada ya programu ndiyo ya kwanza kukatwa, kabla ya stima na kabla ya kodi ya duka. Mimi pia ni tawi la mti huu, ingawa nimekaa mbele ya kompyuta.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa teknolojia wanaodhani dawa ya mji wa bei moja ni kuwapa vijana kompyuta na intaneti basi. Kazi za mtandaoni zinaweza kuwa mgodi mwingine tu. Machi 2024 Remotasks, jukwaa lililowapa vijana wengi wa Kenya kazi za kuainisha picha na maandishi ili kufundisha mashine, lilisitisha huduma zake nchini. Waliokuwa wamefanya kazi hiyo kuwa tegemeo pekee walijikuta pale alipojikuta mwenye vyumba wa Lokichar: mnunuzi mmoja, mbali, ameondoka. Kompyuta ni chombo kizuri, lakini kumtegemea mteja mmoja hakuponi kwa sababu ya kutumia kompyuta.

Kabla sijafika kwenye mapendekezo, niseme neno moja la haki juu ya bei ya mafuta. Kushuka kwake si msiba kwa kila mtu. Bei ya juu ya petroli nchini hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Katikati ya mwaka 2020, baada ya ile poromoko ya dunia, petroli Nairobi iliuzwa chini ya shilingi 90 kwa lita. Kwa mvuvi wa Mbita mwenye injini ya mashua, na kwa mwenye pampu ya dizeli shimoni Osiri, mafuta rahisi ni nafuu ya kweli. Kwa hiyo bei ileile iliyowaumiza watu wa Lokichar ingeweza kuwasaidia watu wa huku. Tena hilo ni sababu ya kujua mti wako: bila kuujua, huwezi hata kusema bei ikibadilika wewe uko upande gani.

Sasa, tufanye nini? Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine za ajabu.

La kwanza ni swali moja. Kila mwaka kaunti hutoa leseni za biashara. Mwenye duka hujaza jina, mahali na aina ya biashara. Ongeza swali hili: "Kati ya wateja wako kumi, unadhani wangapi hupata pesa zao kutoka dhahabu, samaki, miwa au tumbaku?" Kwa mtu wa hifadhidata hiyo ni safu chache tu za kuongeza. Majibu hayatakuwa sahihi kabisa, lakini elfu moja ya makadirio ya wenye maduka ni bora kuliko ukurasa mtupu. Awendo na kiwanda chake cha sukari itatoa picha yake, Muhuru Bay picha yake, Rongo picha yake. Bei ya kitu ikianguka, kaunti itajua mtaa gani utaumia mwezi ujao badala ya kusubiri kusikia vilio.

Najua pingamizi: watu wataogopa kwamba ni ujanja wa kuwatoza ushuru. Wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo jibu la swali hili lisiunganishwe na jina la mtu wala nambari ya leseni. Likusanywe kwa mtaa na kwa aina ya biashara, basi. Mwandishi wa programu mwenye adabu hakusanyi asichokihitaji, na hapa majina hatuyahitaji.

La pili ni bei kumfikia anayeuza. Mchimbaji anayeuza gramu mbili jioni anapaswa kujua dunia inanunuaje siku hiyo, na pia aone mwaka jana na miaka kumi iliyopita ilikuwaje. Bei ya leo inamsaidia kujadiliana na mnunuzi. Bei ya miaka kumi inamwonyesha kwamba mstari huu hupanda na kushuka. Si lazima iwe kwenye simu ya bei mbaya. Ujumbe mfupi unatosha. Taasisi ya utafiti wa samaki, KMFRI, iliwahi kutoa bei za samaki kwa njia hiyo, kwa hiyo hatubuni jambo jipya.

La tatu ni akiba ya mji. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Tatizo ni kwamba dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo huuzwa bila kupita kwenye daftari rasmi, na kisichoandikwa hakina mrabaha. Vikundi vya wachimbaji vikisajiliwa na kuuza kwa kumbukumbu, ile asilimia 10 itaonekana. Ikionekana, isiishie kwenye mahema na viti vya plastiki. Norway ilitunga sheria ya mfuko wake wa mafuta mwaka 1990, leo ni miongoni mwa mifuko mikubwa kabisa duniani. Sisi si Norway, sawa. Lakini hata chama cha kina mama cha kuweka na kukopa kinajua kanuni hiyohiyo: weka zinapokuwepo. Wahenga walisema akiba haiozi.

Na akiba si pesa tu. Mwaka 2022 mashirika ya WHO, FAO na WFP pamoja na serikali yalianzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima waache tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma, huku mnunuzi wa maharagwe akiwa ameandaliwa. Nini kilifanya hilo liwezekane? Wakulima wa tumbaku walikuwa wanajulikana. Walikuwa kwenye vitabu vya kampuni kwa mikataba. Waliweza kufikiwa kwa sababu waliandikwa mahali. Sasa fikiria dhahabu ikianguka kesho: utamfikiaje muuza viatu wa Macalder, wakati hakuna karatasi inayosema kwamba viatu vyake vilinunuliwa kwa dhahabu?

Sisemi bei itaanguka mwezi ujao. Sijui, na anayekuambia anajua anataka kukuuzia kitu. Ninachosema ni kwamba iliwahi kuanguka, na kwamba kuhesabu watu ni rahisi zaidi wakati wameshiba na wana muda wa kujibu maswali.

Basi nikuombe jambo moja, ndugu msomaji. Kama una duka, saluni, pikipiki au kibanda, popote ulipo, si lazima iwe Migori, chukua karatasi wiki hii. Andika wateja wako kumi wa kwanza wa siku, na mbele ya kila mmoja andika unachodhani kinamlipa. Kisha hesabu wangapi wanarudi kwenye kitu kimoja. Wakipita watano, usichukue mkopo mpya kabla ya kufikiria tena kiasi utakachoweza kulipa siku ya kiangazi. Na ukipenda, nitumie idadi tu, bila majina. Nimeshaanza kuchora mti wa Migori na matawi bado ni machache mno.